Kilomita 957 za angani ni safari ya muda gani?

Ukitafuta umbali kati ya Tromsø na Longyearbyen utaletewa kilomita 957 hivi. Wengi huigawa namba hiyo kwa mwendo wa ndege, kisha wanashangaa tiketi ikionyesha muda mrefu zaidi.

Kilomita hizo ni umbali wa angani, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, bila kujali bahari wala milima. Hapa hata barabara ya kulinganisha nayo haipo. Tromsø iko kaskazini mwa Norwei bara, Longyearbyen iko kwenye visiwa vya Svalbard, na kati yake ni maji matupu, ukiacha kisiwa kidogo cha Bjørnøya.

Umbali wenyewe unaweza kuupata kwa kalamu. Tromsø iko latitudo 69°39' kaskazini, Longyearbyen 78°13'. Tofauti ni nyuzi 8 na dakika 34, yaani dakika 514, maana nyuzi moja hugawanywa dakika 60. Maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, ilitokana na dakika moja ya latitudo. Zidisha: kilomita 952. Tano zilizobaki zinaletwa na longitudo, maana Longyearbyen iko magharibi zaidi kwa nyuzi tatu na kitu. Kwenye Ikweta tofauti hiyo ingekuwa kama kilomita 370. Kule juu, ambako mistari ya longitudo inasogeleana kuelekea ncha ya dunia, haizidi sana 100, na njia ikikatwa mshazari nyongeza yake ni ndogo mno.

Ndiyo maana ramani ya ukutani ya Mercator, inayoichora mistari hiyo sambamba bila kusogeleana, usiipimie kwa rula. Karibu na Ikweta haidanganyi sana, lakini pengo la miji hii miwili inalivuta zaidi ya mara tatu.

Sasa muda. Jeti ikienda kilomita 800 kwa saa, 957 zinakwisha kwa dakika 72. Ratiba lakini huandika kama saa moja na dakika 40. Haikukosewa. Ratiba haihesabu kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi: inaanza pale kabari zinapoondolewa kwenye matairi na ndege ikasogea, na inaisha ikishaegeshwa upande wa pili. Humo ndani mna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda taratibu, na kushuka kwa mwendo uliopunguzwa. Upepo nao una lake: ukipiga usoni kwa kilomita 80 kwa saa, zile dakika 72 zinakuwa 80.

Ambacho ratiba haikuhesabu kabisa ni foleni ya pasipoti. Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, kwa hiyo abiria hukaguliwa ingawa hajatoka nchini.

Angalau saa za miji yote miwili ni zile zile, huna cha kujumlisha wala kutoa. Jua ndilo lisilosaidia. Longyearbyen halizami tangu karibu tarehe 20 Aprili hadi 22 Agosti, na katikati ya majira ya baridi halichomozi kabisa. Tiketi ikiandika 10:30 sisi tutasema saa nne na nusu asubuhi. Saa nne tangu mapambazuko yapi?