Selimundu, halafu nini? Ombi la mweka misimbo

Kuna sentensi inayonikuta mara kwa mara kwenye mafaili hapa Mwanza: "Selimundu, Hb 4, kaongezewa damu." (Hb ni kiwango cha hemoglobini, na 4 ni chini mno.) Daktari ameokoa mtoto, simlaumu. Ila mimi ninayeweka misimbo ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), nakwama. D57.0 ni selimundu yenye krisisi, yaani shambulio la ghafla, D57.1 ni isiyo na krisisi, na kanuni hainiruhusu kubuni ugonjwa kwa kutazama majibu ya maabara.

Hb 4 inaweza kuwa bandama imevimba ghafla na kuzuia damu ndani yake. Inaweza kuwa uboho umeacha kuzalisha, mara nyingi kwa sababu ya kirusi cha parvo B19. Na huku Kanda ya Ziwa, malaria haiko mbali. Aliyempapasa mtoto tumbo ndiye anayejua: bandama imefika wapi, retikulosaiti (chembe nyekundu changa za damu) zikoje? Bandama ikizuia damu, retikulosaiti kwa kawaida hupanda. Uboho ukigoma, hushuka karibu na sifuri. Ni mistari miwili tu. Isipokuwepo naweka D57.1, kana kwamba mtoto alikuja kliniki ya kawaida. Akiandika "anemia kali" peke yake, ni D64.9, na selimundu haionekani kabisa kwenye takwimu. Halafu tunalalamika haidroksiyurea, dawa ya selimundu, haitoshi!

Jingine ni kipimo cha sikling. Chanya maana yake hemoglobini S, ile ya selimundu, ipo, basi. Hakitofautishi mwenye SS, yaani mgonjwa, na mwenye AS, yaani mbebaji tu, ambaye msimbo wake ni D57.3. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kuwa hasi ilhali ugonjwa anao, kwa kuwa hemoglobini ya kichanga bado ni nyingi. Elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, ndiyo inayoamua, na sampuli ichukuliwe kabla ya kuongeza damu, la sivyo mnapima pia damu ya mchangiaji.

Kiharusi cha mshipa wa ubongo kuziba kina msimbo wake wa ziada, I63. Uume kusimama kwa maumivu bila kulala, N48.3. Viandikwe, hata kama mgonjwa anaona haya.

Na tafadhali, madaktari, D57.01 mnayoitoa mtandaoni kwa krisisi ya kifua ni ya toleo la Marekani. Kwenye toleo la WHO haipo. Niandikieni kwa maneno: homa, kivuli kipya kwenye eksirei, oksijeni imeshuka, na hitimisho lenu. Msimbo nitautafuta mwenyewe.