Programu za watu wazima katika makumbusho ya sanaa: maana yake, na kazi ya anayeziongoza

Mtu akisikia "programu za watu wazima" katika makumbusho ya sanaa, kinachomjia kwanza ni mhadhara: mtaalamu mbele, picha zinapita ukutani, watu wamekaa kimya, mwishoni maswali matatu na makofi. Mhadhara umo, lakini ni kipande tu. Programu ya umma ni jambo lolote ambalo makumbusho huliandaa ili mtu aliyekuja kwa hiari yake akutane na kazi za sanaa akiwa na mwenzake wa kumshika mkono. Ziara ya kuongozwa, mazungumzo mbele ya picha moja, darasa la kuchora, mahojiano na msanii, filamu, muziki wa jioni, kikundi cha kusoma: yote hayo yanaingia humo.

Neno letu "makumbusho" limebeba kumbukumbu ndani yake, ndiyo maana wengi hutarajia kukuta vitu vya kale vimefungiwa kwenye makabati ya vioo. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipopitisha fasili mpya mjini Prague mwezi Agosti 2022, halikuishia kwenye kukusanya na kuhifadhi. Liliweka humo pia ushiriki wa jamii, elimu, burudani, tafakuri na kupashana maarifa. Kabati la kioo haliyawezi hayo. Lazima awepo mtu, na huyo ndiye tunayemzungumzia.

Kwanza tuelewane kuhusu "watu wazima", maana hapa si suala la umri tu. Mtoto wa shule huletwa na mwalimu. Apende asipende, atakaa hadi basi liondoke. Mtu mzima amejiamulia. Akichoshwa anaondoka, wala haagi. Tena haji mikono mitupu: seremala akikitazama kiti kilichochorwa ataona kama miguu yake ingebeba mtu, na muuguzi ataona rangi ya ngozi ya mgonjwa kabla hajasoma kibandiko cha maelezo kando ya picha. Mwalimu wa Kijerumani Alexander Kapp alikwisha kutumia neno andragojia mwaka 1833 kutenga ufundishaji wa watu wazima na ule wa watoto, na Mmarekani Malcolm Knowles akaja kulieneza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiongozi asiyelijua neno hilo hana hasara kubwa. Asiyejua kwamba chumba chake kimejaa watu wenye ujuzi wao atapoteza nusu ya utajiri uliokuja wenyewe mlangoni.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Jumba lililofunguliwa South Kensington, London, mwaka 1857 chini ya Henry Cole, leo likiitwa Victoria and Albert Museum, liliwekewa taa za gesi ili mfanyakazi anayetoka kazini jioni naye apate nafasi ya kuingia. Huo ni uamuzi wa programu, hata kama hakuna aliyehutubia. Saa uliyoiandika kwenye tangazo imeshakuchagulia watu: ukiita mazungumzo saa nne asubuhi siku ya kazi, umewaita wastaafu, na usishangae baadaye kwamba vijana hawakuja. Huko Boston, Museum of Fine Arts ilianza mwaka 1907 kuweka waelekezaji wa kutembea na wageni mbele ya kazi zenyewe. Aliyelisukuma jambo hilo, Benjamin Ives Gilman, ndiye yuleyule aliyechapisha mwaka 1916 makala kuhusu uchovu wa makumbusho, yenye picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kujipinda ili aone vitu vilivyopangwa vibaya. Zaidi ya karne imepita na viti bado havitoshi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa vita. Mwaka 1939 National Gallery ya London ilihamisha picha zake kwenda kuzificha Wales, kuta zikabaki tupu. Mpiga piano Myra Hess akaanzisha humo muziki wa saa ya chakula cha mchana, kiingilio shilingi moja, na watu wakapanga foleni. Baadaye, mwaka 1942, picha zikaanza kurudishwa, moja tu kila mwezi. Watu walikuja kuitazama hiyo moja. Mtu anayedhani programu ni pambo linalowekwa juu ya makusanyo aikumbuke nyumba ile: makusanyo yalikuwa hayapo, na bado watu walikuwepo.

Sasa, ndani ya chumba cha maonyesho, kiongozi hufanya nini hasa? Anapigana na sekunde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika Metropolitan Museum of Art, New York, ulikuta kwamba wageni walitazama kazi moja kwa wastani wa sekunde 27 hivi, na nusu yao hawakuvuka 17. Humo umo na muda wa kusoma kibandiko.

Chukua picha iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434, iliyoko National Gallery, ya mwanamume na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Ni ndogo, sentimita 82 kwa 60. Ukileta watu 30, 20 watatazama visogo vya wenzao. Kwa hiyo umekubali watu 12, viti vya kukunja mbele, wasimamao nyuma, na umenyamaza dakika mbili nzima ili macho yafanye kazi. Dakika mbili za kimya kati ya wageni wasiofahamiana ni ndefu, na kiongozi mchanga huzivunja kwa kuanza kueleza. Asizivunje.

Kisha mtu mmoja anasema, "Huyu dada ni mjamzito." Karibu kila kikundi kitasema hivyo. Kiongozi hasemi "hapana". Anauliza, "Unaona nini kinachokufanya useme hivyo?" Tumbo, anajibiwa, na mkono ulio juu yake. Hapo mshonaji aliyekuwa kimya pembeni anaingilia: "Mimi sioni mimba, naona kitambaa. Gauni hilo limekula jora zima. Amelishika mbele asilikanyage." Wote wanasogea. Wanaanza kuhesabu mikunjo. Mwingine anaona kwamba taa ya juu ina mshumaa mmoja tu unaowaka. Mwingine anaona ndala za mti zilizovuliwa sakafuni. Ndipo kiongozi anapotoa alichonacho: hiyo ilikuwa mitindo ya wakati ule, na van Eyck huyohuyo alimchora Mtakatifu Katarina, bikira, miaka michache baadaye, akiwa na umbo lilelile la tumbo. Mshonaji alikuwa sahihi. Halafu anawaelekeza kwenye kioo cha mviringo ukutani, nyuma ya wanandoa. Ndani yake wanaonekana watu wawili wameingia mlangoni, pale hasa ambapo sisi tumesimama, na juu ya kioo yameandikwa kwa Kilatini maneno yasemayo Johannes de Eyck alikuwepo hapa.

Lile swali la "unaona nini kinachokufanya useme hivyo" lina wenyewe. Linatoka katika mbinu ya mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Museum of Modern Art, New York. Ni swali zuri, kwa sababu halimwaibishi mtu na bado linamdai ushahidi. Ila wapo walioligeuza kuwa sheria: kiongozi aulize tu, asieleze kamwe. Kwa watu wazima hilo silikubali. Mtu aliyeuliza mara mbili na mara zote mbili akarudishiwa swali huona anachezewa. Maelezo yana wakati wake, nao ni pale watu wanapokuwa wameshayatamani. Yakija mapema, yanafunga macho. Yakifichwa, ni uchoyo.

Zipo programu ambazo swali ndilo kila kitu, na nazo ni za watu wazima. Museum of Modern Art ilianzisha mwaka 2006 ziara za watu wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na wanaowauguza, jumba likiwa limefungwa kwa wageni wengine. Picha iko mbele ya macho. Huhitaji kukumbuka jana ili useme kwamba bluu ile ni baridi. Mume aliyezoea kumjibia mkewe kila kitu anasikia mkewe akisema jambo ambalo yeye hakuliona.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, haionekani. Kiongozi wa programu anamwomba msimamizi wa makusanyo aje kuzungumza bila kusoma karatasi, na hilo huchukua diplomasia. Anakubaliana na walinzi mapema, maana kikundi kilichokaa mbele ya mlango wa dharura kitaondolewa hata kama mazungumzo yamenoga. Kwenye darasa la kuchora ndani ya chumba cha maonyesho anagawa penseli, si kalamu za wino, kwa sababu doa la wino kwenye turubai halina msamaha. Anatafuta mkalimani wa lugha ya alama kabla ya kutangaza, si baada ya kuombwa. Anajua pia kukataa wazo zuri lililokuja wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Mwishoni anaandika ripoti, na ripoti hupenda kuhesabu vichwa vya watu. Mhadhara wa ukumbini ulileta 200, mazungumzo mbele ya picha yalileta 12. Kwenye kikao cha bajeti, kitakachokatwa kinajulikana. Lakini wale 12 walikaa dakika 45 mbele ya kitu kimoja. Hizo ni sekunde 2,700, mara mia ya zile 27. Fomu nyingi hazina safu ya kuandika hesabu hiyo, kwa hiyo kiongozi mzoefu huiandika chini, penye maoni mengine, na kuipigia mstari.