Ukienda Kuuguza India, Angalia na Tumbo Lako

Familia zinazompeleka mgonjwa Chennai, Delhi au Mumbai hujiandaa vizuri kwa upande wa mgonjwa: faili, picha za eksirei, barua ya rufaa, viza. Ndugu anayefuatana naye hakuna anayemuuliza kitu. Naye ndiye atakayelala nyumba ya wageni jirani na hospitali, atakula mitaani, na jioni atamlisha mgonjwa kwa mikono yake. Akianza kuharisha, gharama ni za watu wawili, na wa pili hakuwekwa kwenye bajeti.

Hoja tunayoisikia mara kwa mara kwenye kliniki yetu ya wasafiri ni kwamba tumbo la Mwafrika limeshazoea. Kuna ukweli kidogo hapo. Aliyekulia penye vimelea fulani hujenga kinga ya kiasi dhidi ya vimelea hivyo hivyo. Lakini bakteria wa E. coli wanaoharisha watu Delhi si lazima wawe wale wa Kariakoo, na kinga yenyewe hupungua mtu akikaa mbali. Ndiyo maana jamaa aliyeondoka Mombasa miaka mingi iliyopita akija likizo kutoka Kanada huugua pamoja na wanawe waliozaliwa huko, huku akishangaa imekuwaje.

India ina mtego wake kwetu: chakula si kigeni. Sambusa, bajia, chapati, vyote tunavijua, kwa hiyo tunakula bila kujiuliza. Cha kuangalia ni moto. Sambusa iliyotoka kwenye karai sasa hivi haina neno. Hatari imo kwenye chatne iliyokaa wazi tangu asubuhi. Chai ya maziwa inayochemka mbele yako ni salama kuliko juisi ya miwa inayomiminwa juu ya barafu, kwa sababu barafu ni maji ya bomba yaliyoganda. Pani puri, vile vibumunda vya kukaanga vyenye uwazi ndani, ni tamu, sikatai, lakini muuzaji huitoboa kwa kidole na kuichovya kwenye maji ya viungo ambayo mara nyingi hayakuchemshwa. Mimi ningeiacha. Wali uliolala nje ya friji nao usiupashe moto kwa matumaini: kuna bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupashwa. Matunda nunua yenye ganda, umenye mwenyewe.

Maji ya chupa, hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Ila kama chumbani kuna birika la umeme, maji yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha kwa kunywa na kupigia mswaki, na ni rahisi zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni. Jeli ya mikono haiviui ipasavyo baadhi ya vimelea vya tumbo, hasa virusi vya noro, na anayemlisha mtu aliyepandikizwa figo au anayepata dawa za saratani hana ruhusa ya kubahatisha.

Pamoja na yote hayo, bado unaweza kuugua. Beba pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji na kunywa unapoharisha. Wengi huzidharau kwa kuwa ni rahisi na hupewa watoto, nami najibu kwa kisa cha huko huko India. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi kwenye kambi ya Bongaon, kipindupindu kiliingia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari vichanganywe kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa ndio wakawa wanawanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mgonjwa wa figo au wa moyo asinyweshwe hivyo mpaka daktari wake aulizwe, kwani kiasi cha maji na chumvi kwake hupimwa.

Kuhusu vidonge, tunawaona watu wakifungasha antibayotiki kama Flagyl na siprofloksasini walizonunua duka la dawa bila kupimwa. Kuharisha kwingi kwa safarini hukoma kwenyewe ndani ya siku tatu hadi tano. Tena bakteria wengi wa Asia Kusini wameshakuwa sugu kwa siprofloksasini, kwa hiyo unameza dawa isiyokusaidia. Loperamidi inayofunga choo inafaa kwa mtu mzima mwenye safari ya ndege, lakini si kama kuna damu kwenye choo au homa kali, na si kwa mtoto mdogo. Damu, homa, kutapika kusikokatika, kizunguzungu, mkojo mchache na mweusi: hapo ni hospitali.

Ukifika hospitalini na homa, mwambie daktari kwamba umetoka nchi yenye malaria. Malaria huweza kuanza kwa kutapika na kuharisha, na uliyoondoka nayo nyumbani inaweza kulipuka wiki ya pili ya safari, wakati kila mtu analaumu chakula.

Kadi ya homa ya manjano watu huikumbuka kwa sababu hudaiwa uwanja wa ndege. Chanjo ya homa ya matumbo, yaani taifodi, hakuna anayeidai, na ndiyo ninayoisisitiza kwa anayekwenda Asia Kusini. Ile ya sindano ichomwe angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Haikingi kwa asilimia 100, na taifodi inaweza kuchukua hadi mwezi kujitokeza. Kwa hiyo homa ikikupata wiki tatu baada ya kurudi, usiishie kwenye kipimo cha malaria kisha ukaenda nyumbani. Taja India, na uombe damu ioteshwe maabara ili kuona kama ina bakteria, kabla hujameza antibayotiki yoyote.