Ujumbe wa Mama wa Usafi: Mwenye Airbnb Anapodaiwa Fidia kwa Usafirishaji Haramu wa Binadamu

Saa nne usiku simu yangu iliita. Aliyepiga ni dada mmoja wa kwetu, Mkenya, anayepangisha nyumba mbili kwa siku huku nje kidogo ya Dallas. Moja ni yake. Ya pili ameikodi kwa mwaka mzima, naye anaipangisha usiku kwa usiku kupitia jukwaa la mtandaoni la aina ya Airbnb, kama wafanyavyo wengi wetu Texas. Siku hiyo alikuwa amepokea barua ya wakili: msichana fulani anadai alifungiwa kwa wiki tatu ndani ya nyumba ile ya pili na kuuzwa kwa wanaume, na sasa anataka fidia kutoka kwa kila aliyefaidika.

"Dada wakili, mimi nimemuuza nani? Huyo mgeni hata sura yake siijui. Alijifungulia mwenyewe kwa namba ya siri ya mlangoni."

Nilimwuliza swali moja tu: usafi anafanya nani?

Akamtaja mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, mchapakazi, anayemsaidia tangu alipoanza. Nikamwambia anitumie mazungumzo yao yote ya WhatsApp, asifute hata herufi. Yakaja. Katikati yake kulikuwa na picha ya pipa la taka lililofurika kondomu zilizotumika, na chini yake maneno haya: "Dada, aba bantu banakatala niingiye. Pubeli imejaa bile bintu, ona foto," yaani hawa watu wanakataa niingie, pipa la taka limejaa vile vitu. Dada alikuwa amejibu kwa kidole gumba na maneno matano: "Sawa mama, wamelipa mpaka Jumapili."

Ameniruhusu nisimulie kisa hiki, nami nimebadilisha yale ambayo yangemtambulisha yeye au msichana. Nakisimulia kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile na watu wenye nyumba za namna hii: kama mhalifu ni mgeni, mimi nahusikaje?

Tuanze na sheria yenyewe. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wahanga wa usafirishaji haramu wa binadamu. Mwaka 2003 likaongeza haki ya mhanga kufungua kesi ya madai dhidi ya aliyemtesa. Mageuzi makubwa yalikuja 2008. Kuanzia hapo, anayeweza kudaiwa si mtesaji peke yake, bali pia yeyote aliyepata faida, fedha au kitu chochote chenye thamani, kwa kushiriki katika ubia ambao alijua au alipaswa kujua kwamba unafanya uhalifu huo. Wanasheria wanakijua kifungu hiki kwa namba yake, 1595.

Hayo maneno "alipaswa kujua" ndiyo yaliyomkosesha usingizi mteja wangu, na yanastahili. Katika kesi ya jinai mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha kwamba ulijua, au angalau ulipuuza dalili kwa makusudi, tena bila shaka yoyote ya maana. Katika kesi ya madai, mhanga anatosheka kuonyesha kwamba mtu mwenye akili timamu, akiwa mahali pako na akiona ulichokiona, angetambua. Muda nao ni mrefu: miaka 10 tangu jambo litokee, na kama mhanga alikuwa mtoto, miaka 10 tangu atimize 18. Sheria ya Texas yenyewe, ya mwaka 2009, ni finyu zaidi, maana inataka uwe umefaidika kwa kukusudia au kwa kujua. Kwa hiyo mawakili wa wahanga huziweka zote mbili katika hati moja ya madai.

Kesi zilizotuchorea njia si za Airbnb. Ni za moteli na hoteli, nazo inafaa mwenye nyumba ya kupangisha azijue, kwani mawakili wanaomwandikia barua wamezihifadhi kichwani.

Ninayoirudia mara nyingi ni ya moteli moja ya Seekonk, Massachusetts, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Boston mwaka 2017. Hukumu iliandikwa na David Souter, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi. Mdai alieleza kwamba mwanamume alimfungia humo kwa siku kadhaa. Mwenye moteli alikwenda chumbani kudai pesa ya siku za nyongeza, mwanamke akamwomba msaada, naye akampuuza. Alieleza pia kwamba aliburutwa na kupigwa mateke kurudishwa chumbani mchana kweupe, mahali panapoonekana kutoka ofisi ya mbele ya moteli, na kwamba wenye moteli na mtesaji walipigana viganja kwenye maegesho wakizungumzia kuirudisha "biashara" yao. Mahakama haikusema kwamba yote hayo yamethibitishwa. Ilisema kwamba yakiwa ya kweli, kodi ya chumba ni faida, na kuendelea kukodisha katika hali hiyo ni kushiriki. Kesi ikaruhusiwa kuendelea.

Miaka miwili baadaye, Ohio, mahakama ya shirikisho ilikubali madai dhidi ya hoteli yaendelee kwa dalili za kimya zaidi: malipo ya fedha taslimu, huduma ya usafi kukataliwa, mapipa ya taka yenye kondomu kupita kiasi, mwili wa mhanga unaozidi kudhoofika siku hadi siku. Mteja wangu aliposoma orodha hiyo alinyamaza muda mrefu. Pipa lile lile.

Na Julai 2025, huko Georgia, baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoketi kuamua ukweli, lilimpa mwanamke mmoja dola milioni 40 dhidi ya mmiliki wa moteli ya Decatur alikouzwa akiwa na miaka 16. Kati ya hizo, milioni 10 zilikuwa fidia, na milioni 30 adhabu.

Lakini si kila anayepokea pesa anaangukia humo. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Atlanta iliwatoa wenye majina makubwa ya hoteli katika kesi za wanawake wanne. Wenye majina hayo walikuwa wametoa leseni ya jina na kupokea asilimia ya mapato, na mahakama ikasema kuchukua mrabaha kwa mbali hakufanyi ubia: lazima pawepo shughuli ya pamoja yenye hatari na faida ya pamoja. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Chicago ilitazama upande mwingine. Kampuni ya programu za kompyuta iliyoihudumia Backpage, ule mtandao wa matangazo uliofungwa na serikali Aprili 2018, ilikuwa ikidaiwa kwamba iliendelea kuisaidia ikue wakati habari za Backpage zimeshaenea kila mahali. Majaji wakasema msaada wa namna hiyo, mahususi na wa muda mrefu, unaweza kuwa kushiriki, hata kama kampuni haikumjua mhanga fulani kwa jina.

Jukwaa la kupangisha nyumba linasimama wapi kati ya hizo mbili? Si jina tu lililobandikwa ukutani, maana linapokea malipo, linashika pesa, linamlipa mwenye nyumba, linatunza kumbukumbu za kila mgeni na kila lalamiko. Ila halifungui mlango, wala halioni pipa la taka.

Majukwaa yana ngao ambayo mwenye nyumba hana, nacho ni kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996: tovuti haichukuliwi kuwa ndiyo msemaji wa maneno yaliyoandikwa na watumiaji wake. Mwaka 2018 Bunge liliitoboa ngao hiyo kwa ajili ya madai ya usafirishaji haramu, na wengi walifikiri mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 2022, katika kesi dhidi ya Reddit, mtandao wa majadiliano, mahakama ya rufaa ya pwani ya magharibi ilisema tundu hilo ni dogo: mdai lazima aonyeshe kwamba tovuti yenyewe, kwa matendo yake, ilifaidika na uhalifu kwa kujua. Kupaswa kujua hakutoshi. Ndiyo maana nyumba moja na tukio moja vinaweza kuwa na vipimo viwili, cha jukwaa kikiwa kigumu kwa mhanga na cha mwenye nyumba kikiwa chepesi. Nimekutana na watu walioamini kwamba kujisajili kwenye jukwaa kubwa kunawaweka chini ya mwavuli wake. Hapa mwavuli ni wa jukwaa peke yake.

Mimi naona mwavuli huo nao una mwisho. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ya magharibi ilikataa hoja ya HomeAway na Airbnb, majukwaa mawili ya kupangisha nyumba, dhidi ya mji wa Santa Monica. Mji ulikataza majukwaa kukamilisha malipo ya nyumba zisizo na leseni, na majaji wakasema sheria hiyo inagusa muamala, si tangazo. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Texas, katika kesi za Facebook, ilifuta madai ya uzembe lakini ikaacha madai ya sheria yetu ya usafirishaji haramu yaendelee. Wakili wa mhanga akijenga hoja yake juu ya pesa iliyopitishwa na malalamiko yaliyopokelewa na kupuuzwa, badala ya picha na maelezo ya nyumba, nafikiri atapenya. Naandika hili nikilitakia mafanikio.

Kuna na suala la usuluhishi. Ukijisajili unakubali migogoro yako na jukwaa isiende mahakamani, bali iamuliwe na msuluhishi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu Kabisa ya Florida iliwapeleka kwa msuluhishi wapangaji wawili waliokuwa wamerekodiwa kwa siri kwenye nyumba ya Airbnb, ili yeye ndiye aamue kama shauri lao ni la kwake. Msichana aliyeletwa na mtu mwingine hakujisajili popote na hakubofya kitu. Kwa kawaida mkataba huo haumfungi, na hapo ana nafasi ambayo mgeni aliyelipa hana.

Nirudi kwa dada. Alinitajia kinga tatu. Ya kwanza, kampuni yake ya LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye ukomo. Hiyo inalinda mali yake kwa madeni ya kampuni. Haimlindi kwa kosa alilolitenda yeye kwa mkono wake, na kidole gumba kile kilikuwa chake. Ya pili, bima ya dola milioni moja inayotolewa na jukwaa. Soma masharti, nikamwambia, hasa ukurasa wa yasiyolipiwa. Ya tatu, kwamba yeye si mwenye nyumba bali mpangaji. Kifungu hakiulizi hati ya nyumba iko kwa nani. Kinauliza nani alifaidika.

Kilichomsaidia ni kitu kingine. Mgeni yule aliikodi nyumba mara moja tu, hakuwahi kuwasiliana na mgeni zaidi ya namba ya mlango, na ujumbe ule ulifika siku mbili kabla ya kuondoka. Kama angekuwa amempangisha mtu yule yule mara ya pili na ya tatu baada ya picha ile, nisingekuwa na la kumtetea. Mahakama hutazama sana marudio: kukodisha mara moja bila kujua ni biashara, na kuendelea baada ya kuona ndiko kunakoanza kunukia ubia.

Watu wakishasikia haya huogopa na kuanza kumshuku kila msichana aliye peke yake na kila mzee aliyekuja na kijana. Nawaomba wasifanye hivyo. Dalili moja si ushahidi, na kumfukuza mgeni kwa sura au rangi yake ni kosa jingine la kisheria. Dalili zikikusanyika, usiende kugonga mlango wala kumkabili mtu. Unaweza kumhatarisha aliye ndani. Andika tarehe na ulichokiona, liarifu jukwaa kwa maandishi, piga simu.

Halafu kuna upande ambao wenye nyumba hawapendi niuguse. Kifungu cha 1595 kinahusu kazi ya kulazimishwa pia. Ukimlipa wakala wa usafi bei isiyoelezeka, na wasafishaji wanaletwa na gari moja, wanaogopa kuzungumza, pasi zao za kusafiria ziko kwa wakala, basi mhanga anaweza kuwa ndiye anayekukunjia mashuka, na faida ni yako. Wageni waliofika juzi kutoka kambi za wakimbizi na kutoka kwetu wako katika hatari ya kunaswa humo.

Nyumbani mambo yako mbali kidogo na haya lakini si mageni. Sheria ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2010 zote zinamfanya mhalifu mtu anayekodisha nyumba au jengo kwa kujua kwamba linatumika kuendeleza usafirishaji haramu wa binadamu. Hiyo ni jinai, na inataka kujua. Mlango wa "alipaswa kujua" kwa ajili ya fidia bado haujafunguliwa kwa upana huu, na kwa jinsi nyumba za siku moja moja zinavyoongezeka Nairobi, Mombasa na Zanzibar, ningependa wabunge wetu waulizwe kwa nini.

Shauri la dada lilimalizika kwa makubaliano ambayo siwezi kuyaeleza. Msichana alipata kitu, si kingi. Nyumba ya kukodi ameirudisha kwa mwenyewe, ile yake ameendelea nayo, na ameandikiana na mama wa Bukavu mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, kwamba akiona jambo haulizi ruhusa ya mtu. Ndani ya mlango wa kabati la sabuni pamebandikwa namba ya simu ya taifa ya wahanga, 1-888-373-7888. Wanapokea usiku na mchana, wana wakalimani wa lugha zaidi ya 200. Unasema "Swahili", unasubiri kidogo.