Dhamana Hainunuliwi: Haki za Mshtakiwa Kuanzia Kituo cha Polisi Hadi Rufaa

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari, Mahakama ya Tanzania huadhimisha Wiki ya Sheria, na sisi mahakimu hutoka kwenye kumbi zetu tukakaa chini ya mahema kuwasikiliza wananchi. Huko nyuma niliulizwa zaidi kuhusu mirathi na mipaka ya viwanja. Siku hizi foleni ndefu ni ya mambo ya jinai, na wengi huanza kwa maneno yaleyale: "Mheshimiwa, ndugu yetu amekamatwa, tumeambiwa tutafute hela ya dhamana."

Nianze na hilo. Dhamana haina bei, iwe ya polisi au ya mahakama. Hakuna hela ya fomu, hela ya karani wala hela ya kufungua faili. Hakimu anaposema "wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni tano", hajasema milioni tano zije mezani. Bondi ni ahadi ya maandishi. Mdhamini anaahidi kwamba mshtakiwa asipofika mahakamani, yeye ataulipa upande wa Serikali kiasi hicho. Mshtakiwa akihudhuria mpaka shauri likamalizika, ahadi inakufa yenyewe na mdhamini anarudi nyumbani hajatoa hata senti.

Kuna hali moja ambayo fedha au mali huwekwa kweli. Mtu akishtakiwa kwa kosa linalohusu fedha au mali yenye thamani inayozidi kiwango kilichowekwa na sheria, hutakiwa kuweka nusu ya thamani hiyo, kwa fedha taslimu au kwa hati ya mali isiyohamishika. Washtakiwa wakiwa kadhaa, nusu hiyo hugawanywa baina yao. Si kila mmoja alete nusu nzima. Amri hiyo hutolewa na mahakama waziwazi na kuandikwa kwenye jalada. Ukiombwa fedha kwenye korido, au utumie kwa simu kwenye namba ya mtu, hiyo ni rushwa, na sheria inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113.

Mdhamini aje na kitambulisho, na kile cha taifa, cha NIDA, ndicho kinachorahisisha mambo, pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji anakoishi. Hakimu atamuuliza anamfahamu mshtakiwa kwa vipi, anaishi wapi, anafanya shughuli gani. Tunauliza si kwa kumdharau mtu, ila tunataka kujua kama kesho anaweza kumpata huyo anayemdhamini. Barua ya kughushi ni kosa jipya kabisa, na adhabu ya kughushi inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Mshtakiwa akitoroka, mahakama hutoa hati ya kumkamata, kisha wadhamini huitwa wajieleze kwa nini bondi isichukuliwe. Aliyesaini na baadaye akaona mambo yanakwenda vibaya anaweza kuja mahakamani kuomba ajitoe; mshtakiwa ataletwa na kuambiwa atafute mwingine. Ila aje mapema. Akija baada ya mtu kuvuka mpaka, amechelewa.

Sasa kuna malalamiko ya upande wa pili, na hapa naomba tuelewane vizuri. Tunasikia kila mara: "Tumemkamata mwizi asubuhi, jioni tumemkuta mtaani, hakimu kala hela." Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Dhamana si hukumu. Aliye nje kwa dhamana bado anashtakiwa, na atarudi tarehe iliyopangwa. Hakimu anayetoa dhamana kwa kosa linalodhaminika anatimiza sheria, na akiikataa bila sababu ya kisheria ndipo anapokosea. Nalisema kwa mkazo kwa sababu maneno haya ya mtaani yamewahi kugeuka mawe na matairi ya moto juu ya mtu ambaye hata ushahidi wake ulikuwa haujasikilizwa.

Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine machache. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huohuo. Hivyo kifungu kipo, na hakimu wa wilaya hana uwezo wa kukiruka hata familia ikilia mbele yake.

Kituoni, kabla ya kutia dole gumba

Haki nyingi za mshtakiwa zina saa yake. Ikipita, kuirudisha ni kazi kubwa, na mara nyingi inashindikana. Saa ya kwanza huanza anapokamatwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Ikiwa haiwezekani kumfikisha ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa bondi, isipokuwa kosa likionekana ni zito. Makosa ya adhabu ya kifo yana utaratibu wake. Basi ndugu wanaokuja kituoni saa ya 25 na kusema "sheria inasema aachiwe" wako sahihi kwa kosa la kawaida, na hawako sahihi kwa kosa la mauaji.

Saa ya pili inajulikana na wachache. Muda wa kawaida wa polisi kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi ni saa nne. Unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane, na zaidi ya hapo polisi waombe kwa hakimu. Muda wa kumsafirisha, au wa kumsubiri wakili au ndugu, hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yamewahi kuondolewa kwenye ushahidi na Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo kumbuka saa uliyokamatwa. Ikiwezekana, ndugu aiandike.

Kabla ya kuhoji, askari anatakiwa ajitambulishe kwa jina na cheo, amwonye mtuhumiwa kwamba halazimiki kujibu na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi, na amweleze kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndiyo maana karatasi hiyo inaitwa maelezo ya onyo. Mtuhumiwa anaweza kuomba ayaandike mwenyewe. Yakiandikwa na askari, lazima asomewe na apewe nafasi ya kusahihisha au kuongeza.

Hapa ndipo watu wanapoangamia. Anasomewa harakaharaka, au hasomewi, anaambiwa "weka dole gumba hapa uende nyumbani", naye anaweka. Miezi sita baadaye karatasi ileile inatolewa mahakamani kama kielelezo, na ndani yake amekiri. Usitie dole wala sahihi kwenye maneno usiyoyasikia yakisomwa. Kama kuna neno si lako, sema lifutwe na lisahihishwe papo hapo. Ukikataa kusaini, kukataa si kosa.

Na kama ulilazimishwa, saa ya kulisema hilo mahakamani ni pale mwendesha mashtaka anapoomba maelezo yapokelewe. Hakimu atakuuliza kama una pingamizi. Sema ndiyo, na sema kwa nini: sikuyatoa mimi, au niliyatoa kwa kupigwa. Mahakama itasimamisha kesi kuu na kuchunguza jambo hilo kwanza. Ukijibu "sina pingamizi" halafu ukaja kueleza kipigo siku ya utetezi, maelezo yameshapokelewa na yanasomwa pamoja na ushahidi mwingine. Nimewaona watu wengi wakilikumbuka pingamizi siku ya utetezi, na inaniuma kila mara.

Polisi wakipekua nyumba na kuchukua kitu, dai stakabadhi inayoorodhesha vilivyochukuliwa, yenye sahihi yako na za mashahidi. Soma orodha. Simu moja isiandikwe mbili.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ana sheria yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mahakama yake. Mzazi au mlezi aseme umri wa mtoto tangu kituoni na alete cheti cha kuzaliwa.

Kizimbani

"Ni kweli, lakini alinianza yeye." Hilo jibu nalisikia karibu kila wiki, na mshtakiwa anadhani amekiri kidogo. Kisheria hajakiri. Mtu anakiri pale anapokubali kila kiini cha kosa bila kuweka "lakini". Utaratibu ni huu: shtaka linasomwa, jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka anaeleza jinsi kosa lilivyotendeka, kisha mshtakiwa anaulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Akiyakana, hata kwa sehemu ya msingi, tunaandika kwamba amekana na ushahidi unaitwa.

Kuna wanaokiri "ili yaishe", kwa ushauri wa watu wa mahabusu. Aliyekiri sawasawa hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anabaki na rufaa kuhusu adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini. Na kosa kama kubaka au unyang'anyi wa kutumia silaha linaanzia kifungo cha miaka 30. Yako pia majadiliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Hayo hufanyika kwa maandishi kati ya mshtakiwa au wakili wake na upande wa mashtaka, kisha mahakama inahakikisha kwamba mshtakiwa ameelewa na hakulazimishwa. Makubaliano ya kunong'onezana kwenye gari la mahabusu hayamo.

Kwa mauaji, mshtakiwa huletwa kwanza mahakama ya chini na kuambiwa asijibu kitu. Watu hulalamika kwamba amenyimwa kujitetea. Hajanyimwa. Mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kosa hilo. Atajibu Mahakama Kuu, na huko akiwa hana uwezo hupewa wakili kwa gharama za Serikali. Kwa makosa mengine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapohitaji hivyo. Unaomba. Hata kwa mdomo, mbele ya hakimu.

Asiye na wakili azingatie mambo mawili. La kwanza ni maswali ya dodoso, yaani yale unayomuuliza shahidi wa upande wa mashtaka akishamaliza kutoa ushahidi. Shahidi akisema jambo zito dhidi yako nawe ukasema "sina swali", mahakama inaweza kuchukua kwamba umelikubali. Huhitaji Kiswahili cha kisheria. Muulize: ulikuwa umbali gani, kulikuwa na taa, ulinitaja kwa nani mara ya kwanza? La pili ni utetezi wa kuwa mahali pengine. Kama siku ya tukio ulikuwa Tanga na tukio ni la Morogoro, sheria inataka utoe taarifa ya utetezi huo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau utoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukiuleta baada ya hapo bila taarifa, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito wowote. Tiketi ya basi inayotolewa mfukoni siku ya mwisho haina nguvu ambayo ingekuwa nayo siku ya kwanza.

Kuhusu kukaa kimya, filamu za Marekani zimetupotosha. Huko kimya cha mshtakiwa hakitumiwi dhidi yake kwenye kesi. Kwetu, kituoni huna wajibu wa kujibu tuhuma, sawa. Lakini mahakamani, ukishaonekana una kesi ya kujibu, unaelezwa haki yako ya kutoa ushahidi kwa kiapo au bila kiapo na kuita mashahidi. Ukichagua kunyamaza unaruhusiwa, ila sheria inairuhusu mahakama kulichukulia hilo dhidi yako, na mwendesha mashtaka kulizungumzia. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi hauhamii kwako. Udhaifu wa utetezi wako peke yake hauwezi kukutia hatiani.

Kuachiwa kuna namna mbili

Mlalamikaji mara nyingi huja na barua: "Tumeelewana kifamilia, naomba kufuta kesi yangu." Kesi si yake. Jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Sheria inaruhusu suluhu kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida. Haiwezekani kwa kubaka, wala kwa mimba ya mwanafunzi, na anayeshawishi shahidi asifike mahakamani anajitafutia kesi yake mwenyewe.

Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuondoa shtaka kabla ya hukumu. Mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile pale upande wa mashtaka unapokuwa na ushahidi wa kutosha kwa kesi kusikilizwa mara moja. Ndugu wanaona ni uonevu, ila sheria inatofautisha kuondolewa mashtaka na kuachiwa huru baada ya ushahidi kupimwa. Huyo wa pili hawezi kushtakiwa upya kwa kosa hilohilo. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa tu.

Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Siku zinazotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hazihesabiwi, kwa hiyo omba nakala kwa maandishi siku ileile na utunze nakala ya barua hiyo. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hahitaji ndugu wa kumkimbilia: amwambie mkuu wa gereza, taarifa iandikwe pale na ipelekwe mahakamani. Siku ya kumwambia ni ile anayofikishwa gerezani.