Pu-erh iliyokomaa: maana ya kuonja chai maji kwa maji

Pu-erh ni chai ya Yunnan, jimbo la kusini magharibi mwa China linalopakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Majani yake ni makubwa, ya mchai wa aina ya assamica, na hukaushwa juani. Baadaye hulainishwa kwa mvuke na kugandamizwa kuwa keki bapa ya mviringo. Keki ya kawaida ina uzito wa gramu 357, na keki 7 hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. Chai nyingi hupoteza ladha zikikaa, lakini hii watu huinunua ili ikae. Baada ya miaka 15, 20 au 30 katika ghala zuri, kinywaji kilichokuwa cha manjano na kikali huwa chekundu cha kahawia, laini, chenye harufu ya mbao kuukuu na kafuri. Hiyo ndiyo huitwa pu-erh iliyokomaa.

Kuipima ndiyo kazi. Wanywaji wake wa China, Hong Kong na Taiwan hawaitolei hukumu kwa kikombe kimoja. Majani yaleyale hutiwa maji moto, maji yakamiminwa baada ya sekunde chache, yakatiwa mengine, tena na tena, mara 10, mara 15, na keki nzuri hufika 20. Kila maji yana ladha yake, na kinachopimwa ni mwenendo wote tangu mwanzo hadi majani yatakapochoka. Aliyezoea kukamua nazi anajua kwamba tui la kwanza na tui la pili si kitu kimoja, na kila moja lina nafasi yake chunguni. Hapa nako kuna maji ya kwanza na maji ya pili, ila maji ya kwanza siyo bora. Kwa kweli ndiyo yanayodanganya zaidi.

Kwa aliyekulia kwenye chai ya Afrika Mashariki, utaratibu huu ni mgeni kabisa, na sababu yake iko kwenye jani. Chai nyingi inayopita kwenye mnada wa Mombasa ni ya CTC: majani husagwa, huchanwa na kuviringishwa na mashine hadi yawe punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na nguvu yake yote ndani ya dakika chache, na hilo ndilo linaloifaa chai ya maziwa. Hata kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai kwa waonja, ISO 3103, ni gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji kwa dakika 6, mara moja tu. Jani la pu-erh ni zima au karibu zima, limebanwa, na hufunguka polepole. Ukiliacha dakika 6 kwa kipimo kikubwa cha majani utapata dawa chungu, na hutajua kilichomo ndani.

Kabla ya kuonja lazima ujue unaonja aina gani, maana kuna mbili. Ya kwanza ni sheng, yaani mbichi, ambayo hugandamizwa bila kuchachushwa na kuachwa ikomae yenyewe kwa miaka. Ya pili ni shou, yaani iliyoivishwa. Hii ilianzia viwandani Yunnan mwanzoni mwa miaka ya 1970, soko la Hong Kong lilipotaka chai nyeusi laini isiyosubiri miaka mingi. Majani hulundikwa, hunyunyiziwa maji, na joto la ndani ya lundo hupanda wakati kuvu na vijidudu vingine vinafanya kazi. Mafundi hulipindua lundo mara kwa mara, na kwa takriban mwezi mmoja na nusu hadi miwili chai huwa tayari. Shou nzuri ni chai ya kupendeza, na ni ya bei nafuu zaidi. Lakini mtu akisema pu-erh iliyokomaa kwa maana ya kitu cha thamani kubwa, kwa kawaida anasema sheng, na mengi yanayofuata hapa ni juu yake.

Umri peke yake hauifanyi chai kuwa nzuri. Kinachoifanya ni umri pamoja na ghala, na ghala lina usemi mkubwa kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Hong Kong na Guangdong, jimbo la kusini mwa China, kuna joto na unyevu, hivyo chai hukomaa haraka, rangi huiva, ukali hupungua. Unyevu ukizidi, chai hushika ukungu na kuoza. Kunming, mji mkuu wa Yunnan, ni pakavu na baridi zaidi. Keki ya miaka 20 iliyokaa Kunming inaweza kuwa bado na uchungu wa ujana na harufu ya maua, ilhali ndugu yake aliyetoka kiwanda kimoja na kupelekwa Hong Kong ameshakuwa mzee. Wengine hupenda ile, wengine hii. Mimi naegemea ghala la unyevu wa wastani, kwa sababu chai iliyokauka mno hubaki na umri kwenye karatasi tu.

Sasa tukae mezani. Chukua keki ya sheng ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyohifadhiwa Guangdong. Penyeza sindano nene ya chai ubavuni mwa keki na ubandue tabaka kwa upole, usiivunje kwa nguvu. Majani yakikatikakatika, uchungu wote hutoka mara moja na kipimo chako kinaharibika. Pima gramu 7 uzitie kwenye gaiwan, yaani kibakuli chenye kifuniko na kisahani, cha mililita 100. Maji yawe yanachemka kwelikweli. Kunming na Nairobi ziko juu karibu sawa, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94 za Selsiasi badala ya 100. Kwa hiyo ukiwa nyanda za juu, pasha chombo moto kwanza kwa maji ya kumwaga, la sivyo joto linapotea kabla jani halijafunguka.

Maji ya mwanzo kabisa hayanywewi. Yatie, yamwage baada ya sekunde 5, kisha funua kifuniko na unuse upande wa ndani. Hapo ghala husema wazi: udongo uliolowa mvua, mbao za stoo iliyofungwa siku nyingi, pengine gunia. Usiogope, na usivutiwe. Ndiyo harufu ya mahali chai ilipolala, na bado hujakutana na chai yenyewe.

Hesabu huanza baada ya hayo ya kumwaga. Maji ya kwanza na ya pili, sekunde 8 hadi 10, huwa mepesi kwa sababu majani bado yamebanana. Mara nyingi maji ya tatu ndiyo yenye harufu kali zaidi ya ghala, kwani tabaka limefunguka na vumbi la miaka linatoka. Hapa wanywaji wengi wapya hukata tamaa, na wengine hufanya kosa la kinyume: wanaonja ule udongo na kusema, naam, hii ni kuukuu. Siku hizi si vigumu kuipa chai changa harufu hiyo. Ukiiweka kwenye chumba chenye unyevu mwingi, miezi michache inatosha kuipa kinywa cha kale. Ndiyo maana maji matatu ya mwanzo hayafai kuwa shahidi wa umri.

Maji ya nne hadi ya nane ndiyo mahakama. Chai iliyotunzwa vizuri hujisafisha hapo. Harufu ya ghala inarudi nyuma, na rangi kwenye kikombe cheupe huwa nyekundu ya kahawia inayong'aa, ambayo unaona kitako cha kikombe kupitia ndani yake. Rangi ya ukungu-ukungu inayoendelea hadi maji ya sita ni dalili mbaya. Harufu ya uvundo inayobaki hadi hapo na kuwasha koo ni hukumu tosha, mimina utupe. Kama keki yenyewe ina ukungu wa manyoya, hasa wa manjano au mweusi, isifike hata mezani.

Ikishajisafisha, sikiliza uzito wake mdomoni. Kuna chai nyepesi kama maji yaliyotiwa rangi, na kuna nzito inayoteleza ulimini kama uji mwembamba uliochujwa. Kisha ukakasi. Sheng changa hukaza ulimi na ufizi kama ndizi mbichi, na huo ukakasi hukaa. Kwenye iliyokomaa hautoweki kabisa, na si lazima utoweke. Unachotazama ni kama unayeyuka. Ukakasi unaokaza kisha ukaachia ndani ya sekunde chache, mate yakajaa chini ya ulimi, ni ishara ya jani lenye nguvu. Ukakasi unaobaki pale pale, mdomo ukakauka, ni ishara ya jani dhaifu au ghala kavu mno.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo Wachina huliita hui gan: utamu unaorudi. Unameza, uchungu mdogo unapita, na baada ya pumzi mbili tatu utamu unatokea nyuma ya ulimi na kwenye koromeo, pasipokuwa na kitu tena mdomoni. Haufanani na utamu wa sukari, ambao huja mbele ya ulimi na kuondoka. Huu huja umechelewa na hukawia. Namna rahisi ya kuupima ni kumeza, kufunga mdomo, kupumua kwa pua, na kungoja. Ukinywa kikombe kingine haraka unaukosa. Katika chai niliyoipenda, hui gan ya maji ya saba ilikuwa kubwa kuliko ya maji ya nne, na hilo ndilo ninalolitafuta kila mara: chai inayopanda wakati nyingine zimeshaanza kushuka.

Wengi huongeza kipimo kingine kiitwacho “cha qi”, yaani nguvu ya chai mwilini: joto mgongoni, jasho jembamba, utulivu wa kichwa. Ninaamini ipo, lakini siitumii kuhukumu bei. Kafeini na maji ya moto tumbo likiwa tupu hufanya mengi.

Kuanzia maji ya tisa, ongeza muda: sekunde 20, 30, dakika, dakika mbili. Chai nzuri hufifia kwa staha. Rangi hupungua, uchungu huisha, na hubaki utamu mwembamba wa mbao na tende kavu. Chai hafifu huanguka ghafla. Maji ya nane yana ladha, ya kumi yana rangi bila ladha. Majani yaliyochoka gaiwani bado yanafaa kuchemshwa sufuriani, na wapo wanaokipenda kikombe hicho kuliko vyote.

Usitupe majani kabla ya kuyatazama. Yatandaze kwenye kisahani na ulisugue moja kwa kidole. Jani la sheng iliyokomaa vyema ni kahawia, limelainika, linakunjuka bila kuchanika, na mishipa yake inaonekana. Jani jeusi, gumu, lisilokunjuka, kama kipande cha mkaa, limeungua ghalani kwa unyevu, au ni shou iliyouzwa kwa jina la sheng. Karatasi iliyofungia keki inaweza kusema uongo, jani lililolowa haliwezi. Na karatasi za zamani kweli ni za kuchanganya: ile ya Zhongcha, kampuni ya chai ya serikali ya China, yenye herufi nane za rangi nyekundu zikiizunguka herufi ya kijani ya chai katikati, ilitumiwa na viwanda mbalimbali vya Yunnan, na keki nyingi za enzi hizo hazina mwaka. Walanguzi walilifahamu hilo vizuri wakati bei zilipopanda kwa kasi kabla ya soko kuporomoka mwaka 2007.

Kwa hiyo asinunue mtu keki nzima ya pu-erh kuukuu kwa kuisoma. Wauzaji wengi wa pu-erh hutoa sampuli ya gramu 25, inayotosha kuonjwa mara tatu, na ziwe siku tofauti. Ukilinganisha keki mbili, tumia vyombo vya ukubwa mmoja, gramu zilezile na muda uleule, kisha onja maji ya tano ya hii kando ya maji ya tano ya ile. Ukishanunua, iweke mbali na jikoni. Kwa anayeishi Mombasa au Zanzibar unyevu wa pwani utaikomaza haraka, mradi isikae chumba kimoja na karafuu wala udi, maana chai hii hunyonya kila harufu iliyo jirani na huitoa tena kikombeni.