Kubadili Jina la Faili Hakubadili Kilichomo

Wanafunzi wa Malimbe na waombaji kazi wa hapa Mwanza wanaoniletea flashi hurudia imani ile ile, nami nimechoka kuisikia: kwamba faili isipofunguka, dawa yake ni kufuta herufi zilizo baada ya nukta na kuandika nyingine. Picha ya cheti iliyopigwa kwa iPhone ikiitwa cheti.heic, mwenyewe huandika cheti.pdf, kisha hushangaa mfumo wa maombi unapoikataa usiku wa siku ya mwisho.

Kiendelezi, yaani hizo herufi zilizo baada ya nukta, ni sehemu ya jina tu. Huisaidia kompyuta kuchagua programu ya kufungulia, lakini hakigusi hata baiti moja, yaani kipande kidogo cha data, ya kilichomo. Aina halisi ya faili hutokana na mpangilio wa data ndani yake, na aina nyingi hujitambulisha katika baiti za mwanzo. Tengeneza nakala ya faili, uifungue kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, na usiogope vurugu ya alama utakayoiona; tazama mstari wa kwanza. PDF huanza na %PDF, PNG huonyesha herufi PNG, ZIP, yaani kifurushi cha faili zilizobanwa, huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyeubuni muundo huo mwaka 1989, na ile picha ya iPhone, hata ikiitwa pdf, huwa na neno ftypheic karibu kabisa na mwanzo. Ukishaona, funga bila kuhifadhi, kwa kuwa Notepad ikihifadhi faili ya namna hiyo huiharibu.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba hila hii wakati mwingine huonekana kufanikiwa. PNG iliyopewa jina la jpg hufunguka vizuri kwa sababu programu nyingi za picha husoma baiti za mwanzo na kulipuuza jina, lakini imebaki kuwa PNG, na mfumo unaokagua kilichomo utaikataa. Docx, yaani hati ya Word, ikiitwa zip nayo hufunguka, kwa sababu hati za aina hiyo, zilizoletwa na Office 2007, ni ZIP tangu zilipohifadhiwa. Ndiyo maana hata tasnifu iliyogoma kufunguka katika Word huenda picha zake zikapatikana humo, ndani ya folda iitwayo media. Kugeuza aina kwa kweli ni kazi ya programu inayosoma data yote na kuiandika upya: fungua picha katika programu ya picha, kisha ihifadhi kama JPEG au ichapishe kuwa PDF.

Wengine husema faili isiyofunguka ina virusi. Mara nyingi ni programu tu inayokosekana, au upakuaji haujakamilika, kama ilivyo kwa faili yenye kiendelezi crdownload, ambacho kivinjari cha Chrome hukiweka upakuaji ukiwa bado unaendelea. Ya kuogopwa ni ile inayofunguka upesi: mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba akitumiwa risiti.pdf.exe, ambayo si hati bali ni programu, Windows, ambayo huficha viendelezi isipoambiwa vinginevyo, itamwonyesha risiti.pdf. Tafadhali washa uonyeshaji wa viendelezi leo hii.

Wala si kweli kwamba kila faili ngeni hudai programu ya kununua au tovuti ya kugeuzia. LibreOffice ya hati, 7-Zip ya faili zilizobanwa na VLC ya video na sauti ni za bure na hufungua sehemu kubwa ya faili ninazoletewa, ilhali kupakia cheti na kitambulisho cha NIDA kwenye tovuti usiyoijua ni kumkabidhi mgeni nyaraka ambazo huwezi kumnyang'anya tena.